Hürrem wa Kwenye Tivii na Hürrem wa Kweli



Leo hatuzungumzii singo wala udi. Tunazungumzia ugomvi. Si ugomvi mkubwa, lakini haujapata kwisha tangu Azam TV ilipotuletea ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili na kupewa jina la Sultan. Sala ya isha imesaliwa, sahani zimeoshwa, watoto wamelala, na nyumba nzima kimya. Asubuhi yake, kwenye simu, sokoni na kwenye vikao vya hina, mambo yanawaka. Nusu yetu ni watu wa Hürrem, nusu ni watu wa Mahidevran, na kuna mashoga tunaowajua waliokaa siku mbili hawasalimiani vizuri kwa sababu ya mwanamfalme Mustafa, mtu aliyekufa zaidi ya miaka 450 iliyopita.

Kilichotufanya tukae chini tuandike ni kikao kimoja cha kupanga harusi. Bibi harusi alikuja na picha kwenye simu: taji refu la mawe ya kijani, gauni lililobana kiunoni na kufunguka kifuani, ukumbi wenye mapazia mekundu na mito ya dhahabu. Alitaka siku yake ya hina iwe ya kisultani, yeye akae juu kama Hürrem. Sote tukaitikia mashaallah. Bibi yake mzaa mama alikuwa pembeni na tasbihi yake, akauliza taratibu, "Sasa wewe mjukuu wangu, unataka kuwa mke au unataka kuwa suria?"

Tulicheka. Halafu tukajikuta hatuna jibu, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na hakika Hürrem alikuwa nani kati ya hao wawili. Basi tukaenda kutafuta.

Tuanze na tamthilia yenyewe. Jina lake la Kituruki ni Muhteşem Yüzyıl, yaani karne tukufu. Ilianza kuonyeshwa Uturuki Januari 2011 na ikamalizika Juni 2014, vipande 139. Suleiman aliigizwa na Halit Ergenç. Hürrem aliigizwa na Meryem Uzerli, binti aliyezaliwa Ujerumani, na alipoondoka mwaka 2013 nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin. Ndiyo maana ghafla mliona Hürrem amebadilika sura na wengine mkadhani ni mtu mwingine. Na yule mama Sultan mwenye macho makali, ambaye akiingia tu chumbani hata sisi kwenye mikeka tulikuwa tunakaa sawa, ni Nebahat Çehre, aliyekuwa mrembo wa Uturuki mwaka 1960 na kisha nyota wa sinema za kwao za enzi hizo. Akina mama wa Istanbul walimpenda ujanani kama mama zetu walivyowapenda nyota wa filamu za Kihindi. Ukijua hilo unaelewa kwa nini anatembea vile. Uzuri ule una mazoezi ya nusu karne.

Uturuki kwenyewe tamthilia hii haikupokewa kwa maua tu. Ilipoanza, malalamiko yalimiminika kwa maelfu kwenye baraza linalosimamia televisheni. Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, aliyekuwa waziri mkuu wakati huo, aliishutumu hadharani akisema kwamba Suleiman wanayemjua wao alitumia miaka 30 ya maisha yake juu ya farasi, si chumbani kwa wanawake. Ana hoja. Suleiman alitawala kuanzia 1520 mpaka 1566, na alifariki akiwa vitani, kwenye hema, wakati jeshi lake limeizingira ngome ya Szigetvár huko Hungaria, naye mzee wa zaidi ya miaka 70. Lakini tuseme kweli: tungeonyeshwa miaka 30 ya farasi tusingekesha.

Sasa Hürrem. Jina hilo alipewa na watu wa kasri, ni neno la Kiajemi lenye maana ya mtu mchangamfu, mwenye furaha. Wazungu walimwita Roxelana, yaani mwanamke wa Ruthenia, eneo ambalo leo lipo Ukraine na zama hizo lilikuwa chini ya ufalme wa Poland. Simulizi za baadaye zinasema alikuwa binti wa kasisi kutoka mji wa Rohatyn, na kwamba aliitwa Aleksandra au Anastasia. Lakini majina hayo hayamo katika maandishi ya wakati wake. Kinachojulikana ni kwamba Watatari wa Crimea walikuwa na kawaida ya kuvamia vijiji vya huko, kuteka watu na kuwauza, na yeye alikuwa mmoja wao. Hapa hatutaki kupita haraka. Kwenye tamthilia kutekwa kwake kunaonyeshwa kama mlango wa kuingilia kwenye bahati. Fikiria mtoto wa kike wa umri wa skuli ya sekondari, ametolewa kwao kwa kamba, amevushwa bahari, ameuzwa. Hakuna mtu aliyekuja kwao kuleta posa, wala hakukuwa na walii wa kuulizwa.

Akaingia kwenye nyumba ya Suleiman karibu na mwaka 1520, ule mwaka Suleiman aliposhika ufalme, na mwaka uliofuata akamzaa Mehmed. Hapo hukumu yake kisheria ikabadilika. Katika fikihi, suria akimzalia bwana wake mtoto anaitwa umm walad: hauziki tena, mtoto wake ni huru kama watoto wengine wa baba, na bwana akifa mama anakuwa huru. Mahidevran naye alikuwa katika hali hiyo hiyo. Nyinyi watu wa Mahidevran tuwieni radhi, lakini yule hakuwa mke mkubwa aliyechukuliwa mume na msichana mdogo. Hapakuwa na ndoa. Wote wawili walikuwa masuria, mmoja ametangulia kuzaa na mwingine amefuata. Ile hasira yetu ya "amemvunjia mwenzake nyumba" tumeitoa kwenye mitaa yetu wenyewe tukaipeleka Istanbul.

Masultani wa Kiosmani kwa zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo walikuwa wameacha takriban kabisa kuoa kwa nikaha. Walizaa na masuria, na kawaida ilikuwa suria akishapata mtoto wa kiume basi hazai tena na Sultan. Kazi yake inakuwa kumlea yule mtoto, na mtoto akikua akapelekwa mkoani kujifunza utawala, mama anafuatana naye. Mama mmoja, mwana mmoja. Hürrem akaivunja hiyo kawaida. Baada ya Mehmed akazaa Mihrimah, Abdullah aliyefariki mdogo, Selim, Bayezid, na mwisho Cihangir mwaka 1531. Watoto sita, wanaume watano, na bado yuko Istanbul na mume, kama watu wengine wanavyokaa na waume zao.

Mama yake Suleiman, Hafsa, alifariki mwaka 1534. Na karibu na wakati huo Suleiman akafanya jambo lililowatoa watu macho: akamwacha huru Hürrem na akamuoa kwa nikaha. Mji ulisherehekea kwa siku kadhaa, na wageni wa kutoka Ulaya waliokuwepo waliandika kwao kwa mshangao. Balozi mmoja, Busbecq, aliyefika Istanbul miaka 20 baadaye, alisimulia habari alizozisikia: kwamba Hürrem alipopata uhuru wake alikataa kurudi kwa Sultan kwa kuwa sasa si halali yake tena, mpaka afunge naye ndoa. Kisa hicho tumekiona kwenye tivii kikitiwa chumvi na muziki. Ni habari ya mgeni, tena ya kusikia, kwa hiyo tuichukue kwa tahadhari. Lakini sheria iliyomo ndani yake ni ya kweli. Mtu haoi mjakazi wake mwenyewe. Anamwacha huru kwanza, kisha anamuoa kama muungwana, kwa ridhaa yake na kwa mahari.

Na hapo ndipo tulipopata jibu la kumpelekea yule bibi mwenye tasbihi. Alikuwa suria, kisha akawa mke. Suala la mapenzi tuliache kidogo. Kati ya hali zile mbili kuna kitu kimoja kikubwa, nacho ni kwamba mke anaulizwa. Sisi tunaokaa na mabibi harusi kila wiki tunajua vile suali la kadhi linavyopita haraka siku hizi. Mpiga picha ana haraka, mpambaji anasema kope zitabanduka, bibi harusi anaitikia kwa kichwa na mambo yanaendelea. Katika Bukhari kuna hadithi kwamba mwenye kumlea mjakazi wake vizuri, akamfundisha, akamwacha huru na kumuoa, ana ujira mara mbili. Na Bibi Safiyya bint Huyayy, radhi za Allah ziwe juu yake, Mtume swalla Allahu alayhi wasallam alimwacha huru akamuoa, na uhuru wake ndio ukawa mahari yake. Hebu liangalie neno mahari kwa jicho hilo, uone kama bado utasema ni fedha za kununulia kabati.

Tumezungumza na wenzetu wengi ambao hawajui kwamba Zanzibar tulikuwa na kasri la namna hii hii, tena si zamani. Ukipita barabara ya kwenda Bububu, pembeni ya bahari kuna magofu ya Mtoni. Hapo alizaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake aliitwa Jilfidan, naye alikuwa Mcherkesi, kutoka upande ule ule wa dunia ya Bahari Nyeusi uliokuwa ukitoa masuria wa Istanbul. Alitekwa vitani angali mtoto mdogo. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, na alipokuwa mtu mzima Ujerumani aliandika kumbukumbu zake, zikachapishwa mwaka 1886. Anasema kwamba Mtoni ungeweza kusikia Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi katika nyumba moja. Baba yake alikuwa na mke mmoja wa ndoa, Sayyida Azze bint Seif, ambaye hakupata watoto. Watoto wote, 36 waliokuwa hai baba yao alipofariki mwaka 1856, walikuwa wa masuria.

Salme anaisimulia nyumba ile kwa mapenzi. Ni utoto wake, na mama yake alimpenda sana. Lakini mnapousoma ukurasa ule wenye bustani na ndege na farasi, kumbukeni kwamba wanawake karibu wote waliomo humo waliletwa. Na utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, amri ile iliwaacha nje masuria. Wao walisubiri mpaka mwaka 1909. Kuna watu wazima miongoni mwetu ambao nyanya zao walizaliwa kabla ya hapo. Kwa hiyo bibi alipouliza "mke au suria?" hakuwa anafanya mzaha wa tivii. Kwake yeye neno suria lina majina ya watu ndani yake, pengine watu wa ukoo, ambao visa vyao havikusimuliwa kwenye harusi.

Turudi kwenye mavazi, maana tunajua wengine mmefungua ukurasa huu kwa ajili ya mavazi.

Yale magauni siyo. Tunasikitika kuwavunjia raha, lakini yale yaliyokatwa kifuani na kubana kiuno yana asili zaidi kwenye tamthilia za wafalme wa Uingereza kuliko kwenye kasri la Istanbul. Wanawake wa Kiosmani wa karne ya 16 walivaa suruali pana, kanzu nyepesi ya mikono mirefu, juu yake vazi refu la kufungua mbele, na wakitaka fahari wanaongeza kaftani ya hariri nzito. Kichwani ilikuwa kofia ndogo na ushungi, na vito vya kwenye paji la uso. Lile taji refu la kimalkia ni la mafundi wa studio. Na ile pete ya jiwe la kijani lenye umbo la tone, ambayo nakala zake zimejaa kwenye maduka ya Istanbul mpaka huku kwetu, nayo ni ya tamthilia. Cha kweli ndani yake ni kwamba Suleiman alijifunza usonara ujanani; wanawafalme wa Kiosmani walifundishwa kazi ya mkono, na hiyo ndiyo iliyokuwa yake.

Hata sura yake Hürrem hatuijui. Kuna picha mashuhuri iliyotoka katika karakana ya Titian, mchoraji wa Venice, iitwayo La Sultana Rossa, na leo ipo Florida, Marekani. Lakini mchoraji hakupata kumtia machoni. Hakuna mwanamume mgeni aliyeruhusiwa. Kwa hiyo mwanamke maarufu kuliko wote wa karne ile, ambaye Ulaya nzima ilikuwa ikimsema, alikufa bila ya sura yake kutoka nje ya pazia. Sisi tunaopigana na jamaa zetu ili picha za hina zisisambazwe tunaweza kumwonea wivu kwa hilo.

Kwa anayetaka hina ya Kituruki iliyo na asili, lipo vazi linaloitwa bindallı, maana yake matawi elfu: mahameli, mara nyingi jekundu au la zambarau, limetariziwa kwa uzi wa dhahabu au fedha matawi na maua, refu, la mikono mirefu. Lilikuwa vazi la mabibi harusi wa Kiosmani wa karne ya 19, na mpaka leo Waturuki wanalivaa usiku wa hina. Limekusitiri na limekupamba. Yule bibi harusi wetu tulipomwonyesha alinyamaza, kisha akauliza bei. Tukajua tumeshinda.

Jambo jingine ambalo tivii imelipindisha ni nyumba yenyewe. Tangu kipande cha kwanza wanawake wote wanaonekana wako Topkapı, wanachungulia kwenye madirisha ya Sultan. Kwa kweli Hürrem alipoletwa, wanawake na watoto waliishi katika kasri jingine, lililoitwa Kasri la Zamani, upande wa Beyazıt. Topkapı palikuwa mahali pa utawala na pa wanaume. Hürrem ndiye aliyehamia huko akakaa karibu na mumewe, na harem kubwa inayotembelewa na watalii leo sehemu zake nyingi zilijengwa baadaye, khasa zama za mjukuu wake Murad III. Kule kuhama peke yake kuliwashtua watu pengine kuliko ndoa. Na wale mliolia kwa ajili ya Hatice Sultan na Ibrahim Pasha, tuna habari: wanahistoria wengi wa sasa wanaona Ibrahim hakumuoa dada wa Suleiman, mkewe alikuwa mwanamke aitwaye Muhsine. Kuuawa kwake Machi 1536 ni kweli. Machozi yenu ya Hatice hatuwezi kuyarudisha.

Na sasa Mustafa, maana bila ya Mustafa ugomvi wetu hauishi.

Mustafa alikuwa mtoto wa Mahidevran, mkubwa kwa watoto wa Hürrem, na jeshi lilimpenda. Mwaka 1553, Suleiman akiwa njiani kwenda kupigana na Waajemi, alipiga kambi karibu na Ereğli, upande wa Konya. Akamwita mwanawe. Mustafa akaingia kwenye hema la baba yake, na humo ndani akanyongwa. Hicho kipande tulikiangalia huku tumeziba midomo kwa ncha za kanga. Cihangir, mdogo wa watoto wa Hürrem, alifariki wiki chache baadaye huko Halab, na watu wakasema ni kwa majonzi ya kaka yake.

Hürrem alihusika? Watu wa zama zake walisema ndiyo, yeye pamoja na mkwewe Rüstem Pasha, mume wa Mihrimah. Suleiman alimwondoa Rüstem katika uwaziri mkuu mara tu baada ya mauaji, na miaka miwili baadaye akamrudisha, jambo ambalo limewafanya watu wakune vichwa. Lakini ushahidi wa mkono wa Hürrem mwenyewe haupo. Kuna uvumi, kuna ripoti za mabalozi, na kuna kawaida ya watu kuwa kosa la mfalme hutafutiwa mwanamke wa kubebeshwa. Aliyetoa amri ni baba.

Sisi hatumtetei. Tunasema tu tuitazame sheria aliyokuwa akiishi chini yake. Tangu zama za Sultan Mehmed aliyeiteka Istanbul, ilikuwa imeandikwa kwamba anayeshika ufalme anaweza kuwaua ndugu zake kwa ajili ya utulivu wa dola. Kila mama mle ndani alijua kwamba siku mtoto wa mwenzake atakapokalia kiti, wake yeye watazikwa. Hürrem alikuwa na watoto wa kiume, Mahidevran alikuwa na mmoja. Hakukuwa na njia ambayo wanawake wale wangekuwa mashoga. Tunaposema "wanawake hawapendani" baada ya kuangalia tamthilia kama hii, tunawasahau walioutunga mchezo wenyewe.

Na Mahidevran? Huyu ndiye aliyetuliza. Baada ya Mustafa kuuawa alikwenda kuishi Bursa, na miaka mingi alikuwa katika dhiki na madeni, mpaka ikafika kushindwa kulipa kodi ya nyumba. Aliyemtoa katika hali hiyo, mkishasikia mtashangaa, ni mtoto wa Hürrem. Selim, aliposhika ufalme baada ya baba yake, alimpa posho, akamnunulia nyumba, na akalijenga kaburi la Mustafa pale Bursa. Mahidevran aliishi mpaka mwaka 1581 na akazikwa karibu na mwanawe. Alimzidi umri Hürrem kwa zaidi ya miaka 20, akawazidi Suleiman, Rüstem na Mihrimah. Hilo tivii haikulipa nafasi ya kutosha. Lingetosha kuwa tamthilia nzima.

Hürrem alifariki Aprili 1558. Hakuyaona yaliyofuata, watoto wake wawili Selim na Bayezid kupigana, Bayezid kukimbilia kwa Waajemi na kuuawa huko mwaka 1561 pamoja na wanawe. Alizikwa kwenye uwanja wa msikiti wa Süleymaniye, kwenye kuba lake mwenyewe lenye vigae vya Iznik, na mumewe akaja kuzikwa jirani yake.

Tunataka kumalizia na kile ambacho hakikupata kelele. Miaka 20 ya mwisho ya maisha yake Hürrem alikuwa mtu wa wakfu. Istanbul alijenga msikiti, madrasa, jiko la kulisha maskini na baadaye hospitali, katika mtaa ambao mpaka leo unaitwa Haseki kwa cheo chake, na hospitali bado ipo kwa jina hilo. Msanifu alikuwa Sinan, na ilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo alipopewa ukuu wa wasanifu wa dola. Hamamu aliyoijenga mbele ya Ayasofya, upande wa wanaume na upande wa wanawake, inafanya kazi leo. Bibi harusi anayekwenda fungate Istanbul anaweza kuoga humo. Makka na Madina pia alikuwa na wakfu.

Baitul Maqdis, katika miaka ya 1550, aliweka wakfu wa msikiti, vyumba vya wacha Mungu, nyumba ya wasafiri na jiko. Hati yake ipo, na imeandikwa kama mwanamke anayejua jikoni alivyo: mchele kiasi gani, ngano kiasi gani, kuni, vitunguu, mpishi wangapi, nani aoshe masufuria, nani achambue nafaka. Asubuhi supu ya mchele, jioni supu ya ngano, na mkate. Usiku wa kuamkia Ijumaa na katika usiku wa Ramadhani, wali wa nyama ya kondoo na zerde, ule wali mtamu wa asali na zafarani ambao Waturuki huupika kwenye harusi. Kwa ajili ya kulilisha jiko hilo yalitengwa mapato ya vijiji na mashamba mengi ya Palestina. Wajane, mafakiri, wanafunzi, mamia ya watu walikuja na bakuli zao kila siku.

Wenyeji wanapaita Takiyya, ndani ya mji mkongwe, si mbali na Msikiti wa Aqsa. Miaka zaidi ya 450 imepita, tawala zimebadilika moja baada ya nyingine, na jiko lile bado linapika.